KOZI YA KWANZA YA PROGRAMU CHUO KIKUU: YAJUE HAYA KABLA HUJAPANDA BASI

Leo tuache siasa kidogo, tuongee shule.

Kila matokeo ya kidato cha sita yakitoka, huku Mugoma na Ngara nzima napata swali lile lile kutoka kwa wadogo zangu: "Kaka, kozi ya kompyuta chuo ikoje? Nasikia pale mwaka wa kwanza kuna somo la programu linalowasapisha watu kama mchezo. Mimi sijawahi hata kushika kompyuta, nitaweza kweli?" Nimejibu hilo swali gulioni, nimelijibu stesheneri, nimelijibu kwa meseji mpaka vidole vinauma. Sasa naliandika hapa mara moja, likae, mtu akiuliza natuma linki.

Niseme mapema kwamba mimi nimemaliza sekondari tu, mhadhiri siyo. Haya nimeyakusanya kwa kufuata kozi za bure za mtandaoni, kusoma mihtasari na madesa ya waliotutangulia, na kuwabana kwa maswali vijana wetu walioko vyuoni kila wakirudi likizo. Anayejua zaidi aongezee kwenye maoni.

KWANZA, PROGRAMU NI NINI HASA?

Programu ni maelekezo ambayo kompyuta inayafuata hatua kwa hatua. Basi. Ukibonyeza *150*00# ya M-Pesa, menyu inayokujia ni programu ya watu waliokaa wakaandika: akichagua 1 mpeleke huku, akichagua 4 mpeleke kule, salio likiwa halitoshi mwambie halitoshi. Kwa hiyo programu umeshaitumia mara elfu, hata kwa kitochi. Chuoni unafundishwa kukaa upande wa pili, upande wa anayeandika.

Kitu cha kushika ni hiki: kompyuta haina akili ya kukuhurumia. Ukimtuma mdogo wako dukani "lete chumvi", atajua lete na chenji. Kompyuta haijui. Usipoiambia chenji, chenji inabaki dukani.

Utaratibu wa hatua za kutatua tatizo unaitwa algorithimu. Neno hilo limetokana na jina la al-Khwarizmi, mwanahisabati aliyefanya kazi Baghdad karne ya 9. Mtu huyo aliishi zaidi ya miaka 1,000 kabla ya kompyuta. Hapo utaona kwamba kufikiri kwa hatua hakukuanza na umeme, na hakusubiri umeme ufike kijijini kwenu.

UNAFUNDISHWA NINI MLE NDANI?

Majina ya kozi yanatofautiana chuo kwa chuo, ila chakula ni kile kile. Kwa muhula mmoja utakutana na haya:

1. Vigeu. Hivi ni kama visanduku vyenye majina, unaweka thamani ndani. Kisanduku kinaitwa kilo, ndani kuna 12.

2. Masharti. Kama hivi, fanya hivi, la sivyo fanya vile.

3. Vitanzi. Kurudia kazi bila kuiandika upya. Fikiria kikundi cha upatu chenye watu 20: huandiki maelekezo 20, unaandika "kwa kila mwanachama, pokea mchango", mara moja.

4. Funksheni. Kipande cha kazi unakipa jina, halafu unakiita kila unapokihitaji.

5. Orodha. Vitu vingi chini ya jina moja. Hapa wengi wanashangaa, kwa sababu kwenye lugha nyingi kuhesabu kunaanza 0. Wa kwanza kwenye foleni anaitwa namba 0, wa pili namba 1.

6. Kusaka makosa. Hili huwa halina mada yake peke yake, ila ndilo litakalokula usiku wako mwingi.

Ukiangalia orodha hiyo, hakuna pahali palipoandikwa Word, Excel wala kuchapa barua. Wengi wanajiamini kwa sababu ya cheti cha kompyuta cha mtaani, na wengine wanaogopa kwa sababu hawana. Nawaambia wote wawili, cheti kile kitakusaidia kuchapa haraka, ila programu ni habari nyingine kabisa.

MFANO WA MAHARAGE

Tuache maneno, tuone kitu chenyewe. Hii ni lugha ya Python. Unauza maharage shilingi 2,500 kwa kilo, anayechukua kilo 50 na kuendelea unampa kwa 2,400:

kilo = int(input("Kilo ngapi? "))
bei = 2500
if kilo >= 50:
    bei = 2400
print("Jumla ni shilingi", kilo * bei)

Mistari mitano tu. Mstari wa kwanza unauliza na kupokea namba. Wa pili unaweka bei ya kawaida. Wa tatu unapima sharti. Wa nne umesogezwa ndani kidogo, na usogezaji huo siyo urembo, ndiyo unaoiambia Python kwamba mstari huu ni wa wale waliotimiza sharti peke yao. Wa tano unatoa jibu.

Sasa kaa na karatasi uifuatilie kwa mkono. Mteja wa kilo 10 analipa 25,000. Sawa. Mteja wa kilo 49 analipa 122,500. Sawa. Mteja wa kilo 50 analipa... 120,000!! Yaani anayechukua kilo 50 analipa pungufu ya anayechukua kilo 49, tena anapungukiwa kwa shilingi 2,500 nzima. Na wa kilo 50 analipa sawasawa na wa kilo 48.

Je, kompyuta imekosea? Hapana. Imefanya kile ulichoiambia, neno kwa neno. Mama anayeuza gulioni angeliona hilo haraka sana, na asingekubali. Kwa hiyo jaribu kila programu pale mpakani, yaani chini kidogo ya sharti, juu ya sharti lenyewe, na juu kidogo. Ukizoea kupima 49, 50 na 51 kabla ya kusema "imekubali", umeshawapita wengi darasani.

Mfano mwingine wa haraka. Una ua wa mita 20, nguzo kila baada ya mita 2. Nguzo ngapi? Ukisema 10 umeingia mtego, jibu ni 11, maana kuna ya mwanzo. Kosa hilo hilo la kuzidi au kupungua kwa moja ndilo linalowatesa watu kwenye vitanzi. Kwenye Python ukiandika range(1, 5) unapata 1, 2, 3, 4, ile 5 haimo. Ukijumlisha unapata 10 wakati ulitegemea 15.

PYTHON, C AU JAVA?

Kwenye vijiwe vya wanafunzi hapa watu wanataka kupigana ngumi. Tuweke historia sawa. C ilitengenezwa na Dennis Ritchie kule Bell Labs, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Python ni ya Guido van Rossum wa Uholanzi, ilitoka 1991, na jina lake halihusiani na nyoka chatu, alilichukua kwenye kipindi cha vichekesho cha televisheni cha Uingereza. Java ilitoka 1995, kazi ya James Gosling na wenzake.

C ni kali. Ukisahau nukta mkato mwisho wa mstari, kompaila inakugomea. Ukigawa 7 kwa 2 zikiwa namba kamili, inakupa 3, nusu inatupwa bila kukuuliza. Python 3 inakupa 3.5. Ndiyo maana vyuo vingi duniani vimehamia Python kwa wanaoanza. Mwaka 2014 Philip Guo alihesabu idara 39 bora za kompyuta za Marekani akakuta 27 zinafundishia Python kozi za mwanzo.

Ila usihame chuo kwa ajili ya lugha. Utafiti wa Christopher Watson na Frederick Li uliotoka 2014, uliokusanya kozi 161 kutoka nchi 15, haukuona kwamba lugha inayofundishwa inabadilisha sana idadi ya wanaofaulu. Lugha ni jembe tu jamani, shamba ndilo lenye kazi.

NI KWELI WATU WANAFELI SANA?

Hapa ndipo roho za watu zinapodunda, kwa hiyo tuseme kwa takwimu. Mwaka 2007 Jens Bennedsen na Michael Caspersen wa Denmark walikusanya matokeo ya vyuo 63 wakakuta kwa wastani mwanafunzi 1 kati ya 3 hamalizi kozi ya kwanza kwa kufaulu. Watson na Li nao mwaka 2014 walipata kufaulu kwa asilimia 67.7, karibu yale yale. Bennedsen na Caspersen walirudia 2019, wakakuta wanaoshindwa ni asilimia 28.

Somo la kwanza hapo ni kwamba ugumu huu siyo wa Tanzania, wala siyo wa watoto wa Kagera. Ulaya na Marekani wanasapu vile vile. Somo la pili, na hili watu hawalisemi, ni kwamba hata kwenye takwimu mbaya, wawili kati ya watatu WANAPITA.

Wanaokwama wanakwama kwa sababu gani? Kwa mujibu wa vijana wetu niliowahoji, sababu kubwa ni kwamba kozi hii inapandiana kama ngazi. Historia ukikosa mada ya wiki ya tatu unaweza kuikimbilia karibu na mtihani. Hapa ukikosa vigeu hutaelewa masharti, usipoelewa masharti vitanzi vitakuzika, na ukifika kwenye funksheni unasikia Kichina. Kupiga msuli wiki ya mwisho hakuokoi mtu.

Sababu ya pili ni kukopi. Kwa kawaida alama zinagawanywa, kazi za muhula mara nyingi 40 na mtihani wa mwisho 60. Unakopi kazi za jamaa, 40 inanona, unaingia mtihani peke yako na karatasi, kichwa kitupu. Siku hizi kukopi kumepata jina jipya. Tangu ChatGPT itoke Novemba 2022 mtu anaiuliza swali la zoezi, inatema programu nzima kwa sekunde. Itumie ikueleze kosa lako, sawa. Ikuandikie zoezi, hapo umemlipia ada mtu mwingine asome.

KWA NINI UFIKIRI VIZURI KABLA YA KUCHAGUA

Hili ndilo lililonifanya niandike. Wengi wetu huku tunasoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, HESLB, iliyoanza kazi 2005. Huo ni mkopo, siyo zawadi. Tangu sheria ilipobadilishwa 2016, mwajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara mpaka deni liishe. Ukidisko mwaka wa kwanza, bumu linakatika, digrii huna, na deni la ulichokwisha kula linabaki na jina lako. Kwa mtoto wa mkulima wa kahawa na migomba hilo si jambo dogo. Familia imeuza mbuzi kukupeleka.

Kwa hiyo usichague kozi ya kompyuta kwa sababu jina linavutia au rafiki yako kaichagua. Vile vile, na hili ni kubwa zaidi, USIIKIMBIE kwa sababu hujawahi kushika kompyuta. Nimeona vijana wenye hisabati nzuri kuliko mimi wanaikwepa kwa woga tu. Mtu ana PCM yake safi, anasema "hayo ya wa Dar".

Nchi hii yenyewe iliwahi kufunga huo mlango. Kompyuta ya kwanza ya serikali ilifungwa Wizara ya Fedha katikati ya miaka ya 1960, lakini mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya mfumo wa kompyuta wa hesabu za serikali kuleta hasara na vurugu. Marufuku hiyo ilikuja kulegezwa baadaye, ila miaka ilishapotea. Halafu tazama upande wa pili: mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ambao idara ya sayansi ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilishiriki, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Na Kenya mwaka 2008, baada ya vurugu za uchaguzi, vijana walitengeneza Ushahidi, ramani ya kukusanya taarifa za wananchi kwa meseji na mtandao, ikaenda kutumika hata Haiti baada ya tetemeko la 2010. Jina la Kiswahili hilo, na kazi ya Waafrika. Hakuna aliyezaliwa anajua programu.

NJIA YA KUINGILIA

Digrii za kompyuta ziko vyuo vingi: Mlimani kupitia chuo chake cha TEHAMA kilichopo Kijitonyama, UDOM Dodoma kwenye chuo chake cha informatikia, SUA Morogoro, MUST Mbeya, DIT Dar, SUZA Zanzibar, na vingine. Sifa za kila kozi zinapatikana kwenye mwongozo wa udahili unaotolewa na TCU kila mwaka. Usome mwenyewe, usisimuliwe. Mara nyingi hisabati ndiyo funguo, kwa hiyo wa PCM, PGM na EGM mko pazuri. Walioishia kidato cha nne nao wana njia ya kupitia diploma kwenye vyuo vilivyo chini ya NACTVET.

Angalizo: bado kuna watu huku wanaambiana "tunaomba kupitia TCU". Huo mfumo wa pamoja ulianza 2010 na ukaachwa 2017. Sasa hivi unaomba moja kwa moja kwenye chuo. Mkopo unaombwa mtandaoni kwa HESLB, na cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe RITA. Hiyo ya RITA imewachelewesha wengi, anza nayo mapema, usingoje wiki ya mwisho mtandao ukiwa umelala na foleni ya stesheneri imefika barabarani.

JINSI YA KUJIANDAA UKIWA HUKU HUKU

Mtihani wa kidato cha sita ni Mei, vyuo vinafunguliwa karibu Oktoba au Novemba. Hata ukitoa miezi ya JKT, muda unabaki. Fanya hivi:

1. Daftari na kalamu. Andika programu ya maharage, chora jedwali, safu moja kwa kila kigeu, andika thamani zinavyobadilika mstari kwa mstari. Ndivyo utakavyofanya kwenye mtihani wa karatasi, na haili bando wala chaji.

2. Simu. Kama una ya Android, au ya kuazima, pakua Pydroid 3. Ukishaipakua inaendesha Python bila intaneti. Kwa mtu wa mpakani hilo ni jambo kubwa. Wote tunakumbuka Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, nchi nzima ikayumba.

3. Kafe. Usiingie ukakaa saa nzima unatafuta cha kusoma. Andika maswali nyumbani, ingia, pakua, weka kwenye flashi, toka. Kozi ya CS50 ya Harvard inayofundishwa na David Malan iko bure mtandaoni, na inaanzia sifuri kabisa. Iko pia Scratch ya MIT, ya 2007, unapanga vipande vya maelekezo kama matofali. Usidharau kwamba ni ya watoto.

4. Kuchapa. Wiki mbili za mazoezi ya kibodi zinakuondolea aibu ya siku ya kwanza maabara.

5. Kiingereza cha makosa. Kompyuta inalalamika kwa Kiingereza, ila malalamiko yenyewe ni machache na yanajirudia. Soma mstari wa mwisho wa ujumbe na namba ya mstari wenye kosa. Kila kosa jipya liandike kwenye daftari na dawa yake. Baada ya mwezi una dawa za karibu kila ugonjwa.

6. Saa moja kila siku kuliko saa saba Jumapili.

UKISHAFIKA CHUO

Kaa maabara na watu wa kuulizana. Ukikwama nusu saa, uliza, TA yuko pale kwa kazi hiyo. Kabla ya kuuliza, andika: nilitaka nini, nimepata nini, nimejaribu nini. Mara nyingi kabla hujamaliza kuandika unaliona kosa mwenyewe. Na usitishike na jamaa anayechapa haraka huku anataja majina makubwa makubwa wiki ya kwanza. Ukimuuliza kwa nini wa kilo 50 analipa pungufu ya wa kilo 49, uangalie kama atajibu, teh teh.

Nimalizie na swali la kazi nyumbani. Rekebisha ile programu ya maharage ili asiwepo mteja anayelipa pungufu kwa kuchukua zaidi. Dokezo: bei ya 2,400 iwahusu zile kilo zinazozidi 50 tu. Jaribu kwa 49, 50 na 51. Majibu sahihi yawe 122,500, 125,000 na 127,400. Ukipata hayo matatu kwa karatasi au kwa simu, mdogo wangu, ile kozi unaiweza.

Wekeni majibu yenu kwenye maoni, na mlioko vyuoni toeni uzoefu wenu, hasa mlioenda hamjawahi kushika kompyuta. Kuna mtu Mugoma, Kabanga au Biharamulo anawasubiri mseme.

Nawakilisha.